Umeruhusiwa kutoka wodini na mtoto, soma hii kabla hujalala

Watu wakishasikia amejifungua salama basi wote wanahamia kwa mtoto, mama anabaki kuulizwa tu kama maziwa yanatoka. Hilo ndo linaniuma, maana matatizo mengi makubwa yanakuja akiwa ameshafika nyumbani, hasa siku kumi za mwanzo ingawa mengine yanasubiri hadi wiki ya sita au zaidi. Asome mama mwenyewe na anayelala naye nyumba moja asome pia, kwa sababu mtu akizidiwa hajijui.

Kabla hujatoka hospitali uliza presha ya mwisho ilikuwa ngapi, kondo la nyuma lilitoka lote, ulipoteza damu nyingi au kidogo, na usiku wa manane ukizidiwa unapiga namba gani. Majibu yaandike nyuma ya kadi alafu piga picha kabisa.

Tuanze na damu. Kawaida inapungua siku hadi siku na rangi inafifia. Ukiona pedi kubwa imelowa yote ndani ya saa moja, au yanatoka mabonge yanayozidi yai la kuku, au damu ilishapungua alafu imerudi nyingi nyekundu na kizunguzungu juu, usisubiri pedi ya pili, ondoka. Hii inatokea hata wiki ya pili au ya tatu, mara nyingi kuna kipande cha kondo kimebaki au kizazi kimepata maambukizi.

Presha sasa, hapa naomba mtulie maana ndo inadanganya wengi. Watu wanadhani kifafa cha mimba, yani presha kupanda mpaka mama anapata degedege, kinaisha mtoto akishatoka, hapana, kinaweza kumpata hata mtu ambaye presha yake ilikuwa nzuri miezi yote tisa, na presha huwa inapanda zaidi siku ya tatu hadi ya sita baada ya kujifungua, yani wakati ambao wengi washaruhusiwa. Kichwa kinauma na dawa ya maumivu haikigusi, macho yanaona nyota au ukungu, maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, uso umevimba ghafla, hizo ndo dalili zake, nenda hospitali. Kama kuna mashine ya presha nyumbani kaa dakika tano bila kuongea, egemea kiti, mkono uwe usawa wa moyo, kitambaa cha mashine kikae kwenye ngozi sio juu ya nguo. Ikisoma 140/90 au zaidi piga simu hospitali siku hiyo hiyo. Namba ya juu ikifika 160 au zaidi, au namba ya chini ikifika 110 au zaidi, nenda sasa hivi hata kama unajisikia mzima, unaweza kurudia mara moja wakati usafiri unatafutwa ila usikae unapima pima ukiombea ishuke. Akianza degedege mlaze ubavu, usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, mkimbize.

Homa ya 38 kwenda juu, kutetemeka, uchafu unaonuka, tumbo la chini linauma, mshono umefunguka au unatoa usaha, ni kurudi. Pima kabla ya kumeza panadol, maana inashusha homa ukadhani umepona kumbe maambukizi yanaendelea ndani.

Mguu mmoja ukivimba, una joto na unauma kwenye misuli ya nyuma, usiukande kabisa, inaweza kuwa damu imeganda kwenye mshipa na likibanduka bonge linaenda mapafuni. Kifua kinachoma au pumzi inakata ni dharura. Na kama ukilala chali unakosa pumzi mpaka uinuke, moyo uangaliwe, unaweza kudhoofika hadi miezi mitano baada ya uzazi.

Kuna na la akili. Halali hata mtoto akilala, anasikia sauti, anaongea vitu havieleweki, anataja kujiumiza au kumuumiza mtoto. Ni ugonjwa na unatibika, mara nyingi unaanza ndani ya wiki mbili za kwanza, asiachwe peke yake hata dakika moja na apelekwe leo.

Mkifika mapokezi sentensi ya kwanza kabisa iwe "nimejifungua siku tano zilizopita", au wiki tano, taja tu. Tumbo limeshapungua, nesi anaona mtu ana kichwa kinauma anakuweka kwenye foleni. Kama uliongezewa damu au ulifanyiwa oparesheni sema hapo hapo. Ukiambiwa ni uchovu wa uzazi, kwa heshima omba upimwe presha na uonwe na dokta wa kina mama, na aliyekusindikiza arudie hilo ombi kama wewe umeishiwa nguvu.

Akilazwa, ulizeni kama mtoto anaweza kukaa naye na kama dawa anazopewa zinaruhusu kunyonyesha, nyingi zinaruhusu. Kama hawezi kunyonyesha kwa muda asaidiwe kukamua kila baada ya saa mbili au tatu, maziwa yasije yakajaa yakaleta homa nyingine juu ya ile.