Kistari kwenye sifa za Kiingereza: wapi kiwekwe, wapi kiachwe

Nina steshenari hapa Mwanjelwa, Mbeya. Wanaonijia sana ni wakulima wa parachichi wa Rungwe na vijana wanaopeleka wageni Ziwa Ngosi, na wote wanataka karatasi ya Kiingereza. Ninachokagua kwanza ni kistari, kile kialama kilicho kwenye kibodi upande wa kulia wa sifuri.

Chukua tangazo la miti. Ukiandika "ten-year-old trees", mnunuzi ataelewa miti yenye umri wa miaka kumi, idadi haijatajwa. Ukiandika "ten year-old trees", hapo ni miti kumi, kila mmoja una mwaka mmoja. Maneno ni yale yale! Ukiacha vistari vyote, unamwachia mnunuzi abahatishe, na kwenye hela ya mtu hatubahatishi. Ndiyo maana mteja akiniambia "we andika tu, wataelewa", sikubali.

Kanuni yenyewe: maneno yakishikana kuwa sifa moja, na sifa hiyo ikatangulia jina, yaunge. "A two-hour walk". Angalia, "hour" haina "s" ingawa saa ni mbili. Sifa ikija nyuma ya jina, kwa kawaida kistari kinaondoka: tunaandika "a well-known guide", lakini "the guide is well known". Kwenye umri vilevile, "the trees are ten years old", na "s" inarudi.

Ukiwa na shaka, jaribu kila neno peke yake na jina. "Hand-picked coffee": ukisema "hand coffee" haieleweki, basi unga. "Good black coffee": "good coffee" sawa, "black coffee" sawa, basi usiunge.

Wengi huzidisha kwenye vielezi vya "-ly". "Freshly roasted coffee" haihitaji kistari, kwa sababu "-ly" yenyewe inaonyesha kwamba neno hilo linaelezea "roasted".

Kwa waongoza wageni: mkiuza safari za Kitulo za siku mbili na za siku tatu, andikeni "two- and three-day trips". Kile kistari cha kwanza kinasubiri "day" iliyo mbele, kwa hiyo msikifute, na acheni nafasi moja baada yake.