Jeki ikipiga hodi na boksi limelala: intarapti na kuamka kwenye draiva ya sauti

Kuna bodi ndogo ya ARM nimeifunga kwenye madrasa moja pale Mikindani, inaendesha Linux, ina kodeki ya sauti (chipu inayogeuza sauti kuwa namba na namba kuwa sauti) inayoongea kwa I2C, yani nyaya mbili za kuwasiliana na prosesa, amplifaya, na honi juu ya paa, umeme wake ni sola na betri. Kazi yake ilale muda wote ili betri isiishe, maalim akichomeka maiki kwenye jeki (tundu lake) iamke atangaze, akichomoa ilale tena. Kuisema ni rahisi, ila hiyo ndo imenifundisha intarapti kwenye draiva ya sauti kuliko kitu kingine chochote, sasa nawawekea hapa kwa yeyote wa Mtwara au Lindi anayeanza kugusa kerneli (kiini cha Linux), maana najua mnavyohangaika.

Kwanza uelewe hivi. Intarapti ni hodi. Chipu inabisha, prosesa inaacha ilichokuwa inafanya inaenda mlangoni. Kuamsha ni kitu kingine kabisa. Ukiwa umelala fofofo husikii hodi, labda uwe umemwacha mtu barazani ambaye yeye halali na kazi yake ni kuja kukutikisa. Wengi tunaandika vizuri ile sehemu ya hodi halafu tunashangaa mbona boksi haliamki, kumbe barazani hamna mtu.

Anza kwa kuangalia, usianze kwa kuandika kodi. Piga watch -n1 cat /proc/interrupts, tafuta mstari wa jeki yako, chomeka na chomoa pini taratibu uone namba inavyopanda. Hapo hapo utaona na mstari wa DMA (kifaa kinachohamisha sauti bila kumsumbua prosesa), ule unapanda wenyewe sauti ikiwa inacheza, sababu kila kipande cha bafa (sehemu ya kumbukumbu sauti inaposubiri) kikiisha DMA inabisha na draiva inaita snd_pcm_period_elapsed. Hesabu yake nyepesi tu: sauti ni sampuli 48000 kwa sekunde, ukiweka kipande cha sampuli 480 unabishiwa mara 100 kwa sekunde, ukiweka 4800 ni mara 10. Kwa boksi la sola linalocheza rekodi weka vipande vikubwa, prosesa ipumzike. Kwa maiki ya moja kwa moja usivikuze sana, mtu ataanza kusikia sauti yake inachelewa kwenye spika na atakwama kuongea.

Sasa jeki. Kodeki ikibisha, ili ujue imebisha kwa nini lazima usome rejista yake (kisanduku kidogo cha hali ndani ya chipu) kupitia I2C, na I2C ni ya polepole. Kusoma rejista moja ya baiti moja ni kama mapigo 36 ya saa, kwa spidi ya 400 kHz hiyo ni maikrosekunde 90 hivi, na katikati hapo kodi inaweza kulala ikisubiri. Kwenye hendela ya kwanza kabisa ya intarapti (kodi inayoitwa hodi ikigonga tu) hairuhusiwi kulala hata kidogo, ukijaribu kerneli itakupigia kelele ya scheduling while atomic. Kwahiyo mwitikie mgeni tu, mapokezi yenyewe yafanywe na thredi, yani kodi ya pembeni inayoruhusiwa kulala:

devm_request_threaded_irq(dev, irq, NULL, jeki_thredi, IRQF_TRIGGER_LOW | IRQF_ONESHOT, "jeki", priv);

Hiyo ONESHOT usiiache. Inaifunga laini (waya wa intarapti) mpaka thredi imalize kazi, na kwa kawaida ukiweka NULL bila ONESHOT kerneli inakukatalia. TRIGGER_LOW nimeweka sababu kodeki yangu inashikilia laini chini mpaka nisome na kufuta rejista ya hali, yani inaendelea kubisha mpaka ifunguliwe. Ukitumia ile ya kushika ukingo tu, yani pale laini inapobadilika, tukio la pili likija kabla laini haijaachiwa halitakuwa na ukingo wake, limepotea. Ila kama pini ya jeki inaenda moja kwa moja kwenye GPIO (pini ya kawaida ya chipu ya bodi) bila kodeki kuingilia, hapo tumia kingo zote mbili, ya kuchomeka na ya kuchomoa.

Na thredi iseme ukweli. Imesoma rejista ikakuta hamna kitu irudishe IRQ_NONE, imekuta kazi irudishe IRQ_HANDLED. Kuna watu wanarudisha HANDLED kila mara, hao wanajifungia mlango wa msaada, maana kerneli ina hesabu yake, kwenye intarapti 100,000 zikikosa mwenyewe zaidi ya 99,900 inaandika nobody cared na kuizima laini. Ukiona ujumbe huo usiukasirikie, unakuonyesha shida ilipo.

Hapa naomba nikae kidogo, maana ndo Mtwara yetu hii. Hewa ya bahari inakula jeki. Nilipofungua ile ya Mikindani baada ya miezi kadhaa nikakuta kile kibati cha ndani kinachogusana na pini kimeota ukijani pembeni, sehemu safi imebaki kama ncha ya kalamu. Maalim anachomeka maiki mara moja, mimi kwenye /proc/interrupts naona namba imeruka zaidi ya arobaini. Kila mruko draiva inasema maiki ipo, haipo, ipo, haipo, na programu ya juu inafungua na kufunga sauti mpaka honi inatetema. Nimekisafisha kwa spiriti na pamba, ila kutu itarudi, kwahiyo draiva ndo inatakiwa ivumilie. Usiripoti ndani ya thredi. Thredi ifute rejista, halafu ianzishe kazi ya baadaye:

mod_delayed_work(system_power_efficient_wq, &priv->kazi, msecs_to_jiffies(200));

Kila mruko unaisogeza mbele, pakitulia milisekunde 200 ndo kazi inasoma hali halisi ya jeki na kuita snd_soc_jack_report mara moja. Mimi nimefika 300. Kama unatumia snd_soc_jack_add_gpios wala usiandike yote haya, jaza debounce_time na wake kwenye struct yake basi.

Tuje kwenye kuamka. Kwenye probe (kodi inayoitwa draiva inapoanza) weka device_init_wakeup(dev, true), kisha wakati wa kulala na kuamka fuata mpangilio huu huu, usiuchanganye:

kulala: disable_irq(irq); cancel_delayed_work_sync(&priv->kazi); if (device_may_wakeup(dev)) enable_irq_wake(irq);

kuamka: if (device_may_wakeup(dev)) disable_irq_wake(irq); enable_irq(irq); kisha anzisha ile kazi ya 200 tena.

Najua utauliza, sasa ukishafanya disable_irq itaamkaje? Hivyo ni vitu viwili tofauti, kuzima intarapti hakuzimi uwezo wa kuamsha, na maelezo ya kerneli yenyewe yanasema hivyo, kama kwenye chipu yako haiko hivyo basi draiva ya kidhibiti cha intarapti ndo ya kuchunguzwa. Tunaizima sababu bodi ikiamka vitu haviamki pamoja. Intarapti zinarudi mapema, I2C bado inajinyoosha, thredi ikikimbilia kusoma rejista inakuta njia imelala, unapata Transfer while suspended kwenye dmesg (ujumbe wa kerneli) na tukio lenyewe halijasomwa. Ukiizima, hodi inasubiri mpaka draiva yako yenyewe iamke, na kwa vile laini bado iko chini, ukifungua tu thredi inaenda. Na kwanini disable_irq itangulie kabla ya kufuta kazi? Ukigeuza, jeki inaweza kubisha hapo katikati ikaanzisha kazi nyingine wakati ushaamini umeifuta. Ile kazi unayoanzisha ukiamka nayo ni muhimu, mtu anaweza kuchomoa pini huku boksi limelala.

Kuna pm_wakeup_event pia. Bodi ikiamka inaweza kurudi kulala kabla milisekunde 200 hazijaisha, kwahiyo kwenye thredi iite, iambie kerneli isilale kwa muda wa kusubiri ukiongeza na kidogo, kodi ya jeki ya ASoC (mfumo wa sauti wa kerneli) yenyewe inaongeza milisekunde 50.

Yote hayo nilikuwa nayo na boksi bado haliamki. Maalim kanipigia, nimempa shikamoo, ananambia, "Mwanangu, nimechomeka, nimechomoa, nimechomeka tena, kimya." Nikapanda bodaboda mpaka Mikindani na mita mkononi. Boksi likiwa macho pini ya intarapti inasoma volti 3.3, likilala inashuka karibu na sifuri, yani hakuna kinachoivuta juu. Kumbe rezista inayoivuta juu inapata umeme kwa regyuleta ya kodeki, na draiva yangu kwa kutaka kubana betri ilikuwa inaizima hiyo regyuleta wakati wa kulala. Mtu wa barazani nimemfukuza mwenyewe. Kwahiyo kabla hujalaumu kodi pima pini hiyo boksi likiwa limelala, na hakikisha GPIO uliyochagua iko kwenye upande wa chipu unaobaki na umeme, na kwenye device tree (faili linaloeleza kerneli vifaa vya bodi) umeandika wakeup-source.

Kujaribu tumia rtcwake -m mem -s 60, kama saa ya bodi yako ina alamu, ili hata jeki ikishindwa dakika moja ikipita iamke yenyewe usikae unachomoa umeme. Chomeka maiki kabla ya hizo sekunde 60. Ikiamka soma /sys/power/pm_wakeup_irq kama kerneli yako ina hilo faili, linganisha na namba ya mstari wa jeki kwenye /proc/interrupts. Zikiwa tofauti kilichokuamsha ni kingine, hata kama sauti imetoka. Kule Mikindani sasa zinafanana, maalim akichomeka unasikia mlio mdogo kwenye honi, kisha anaanza.