SOMO: Kutengeneza McFarland 0.5 na kuisoma inavyotakiwa

Wakuu wa maabara, kila mara naulizwa kwa nini diski za antibayotiki (vidonge bapa vya karatasi vyenye dawa, vinavyowekwa juu ya bakteria kwenye sahani) zinatoa majibu yasiyoeleweka. Mara nyingi diski hazina kosa, shida ni ukungu wa mchanganyiko wa bakteria, yaani jinsi maji yalivyofifia kwa wingi wao. McFarland 0.5 ni mrija wa kulinganishia ukungu huo. Naandika hapa mara moja, atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

1. Yeyusha gramu 1.175 za bariamu kloridi (ile yenye maji mawili) kwenye maji safi ya maabara hadi zifike mililita 100. Ni sumu, usivute pipeti kwa mdomo.

2. Tengeneza asidi ya salfuriki ya asilimia 1. Asidi ndiyo inamiminwa kwenye maji.

3. Kwenye mililita 99.5 za asidi hiyo tia mililita 0.5 za bariamu huku unakoroga. Zinatokea chembe nyeupe zinazotawanya mwanga kama bakteria wanavyoutawanya. Joseph McFarland wa Marekani alilitoa wazo hili mwaka 1907.

4. Pima kwenye spektrofotomita (mashine ya kupima mwanga unaopita) kwa nanomita 625, kuveti (kichupa cha kupimia) ya sentimita 1. Namba ya ufyonzaji isome kati ya 0.08 na 0.13. Vinginevyo, rudia.

5. Gawa kwenye mirija inayofanana na utakayotumia kwa bakteria, ziba, weka gizani. Hakiki kila mwezi.

6. Kulinganisha. HAPA NDIPO WATU WANAPOHARIBU. Chembe nyeupe za bariamu zinatuama chini. Ukichukua mrija uliolala usiku kucha bila kuutikisa, maji ya juu yameshakuwa maangavu, nawe utaweka bakteria wachache ili wafanane nao. Duara lisilo na bakteria kuzunguka diski litatanuka, kimelea sugu kitaonekana kinasikia dawa, na mgonjwa atapewa dawa isiyomsaidia. Tikisa kwenye voteksi (mashine ya kutikisa mirija) mpaka ukungu uwe sawa juu hadi chini. Angalizo: mirija ya dukani yenye chembe za lateksi haitiwi voteksi, pindua taratibu tu. Kisha shika mirija yote miwili, huu na wa bakteria, mbele ya kadi nyeupe yenye mistari myeusi, uone kama mistari inafifia sawasawa. Futa alama za vidole, nazo zinatawanya mwanga.

7. Mchanganyiko wa bakteria utumie ndani ya dakika 15. Kwa E. coli unakuwa na takriban bakteria milioni 100 hadi 200 kwa mililita.

MASWALI

— Mkuu, nikikadiria kwa macho bila mrija wa kulinganisha si sawa tu? Nina uzoefu.
Hapana. Soma hatua ya 6.

— Mchanganyiko uleule, mashine mbili, namba mbili. Ipi mbovu?
Swali zuri sana. Huenda zote ni nzima. Bakteria hawanyonyi mwanga huo kiasi cha maana, wanaukengeusha tu, na sehemu kubwa inaendelea mbele kwa pembe ndogo. Mashine ambayo kipokezi chake kipo karibu na kuveti hudaka mwanga mwingi uliokengeuka, kwa hiyo namba inashuka. Kila mashine ihakikiwe kwa kuhesabu makoloni (vishada vya bakteria vilivyoota) kwenye sahani.

— Kwa hiyo bakteria waliokufa nao wanahesabika?
Ndiyo, mwanga hauchagui. Ndiyo maana tunachukua makoloni mapya, ya saa 18 hadi 24.

— Kandida (fangasi wa aina ya hamira) je? Namba ileile?
Ukungu uleule, idadi tofauti. Seli ya hamira ni kubwa, inatawanya mwanga zaidi, hivyo unapata milioni 1 hadi 5 tu kwa mililita. Pima kwa nanomita 530.

— Bakteria wangu wanaganda mabonge.
Sugua koloni kwenye ukuta wa mrija, juu kidogo ya maji ya chumvi, ndipo uinamishe mrija maji yawafuate. Mabonge yakibaki, acha yatuame, tumia ya juu.