Usitupe Sahani Hiyo Bado: Kuwatambua Bakteria Wasio wa Kawaida Maabarani

Kidole cha shahada cha yule mama kilikuwa na rangi ya zambarau iliyoiva. Ukingo wa uvimbe ulikuwa umeinuka, katikati pameanza kufifia, na hapakuwa na usaha hata tone. Alikishika kwa mkono wa pili, akikiepusha na watu waliopanga foleni, maana hata upindo wa leso ukikigusa alikuwa anaruka. Nilikuwa mwaka wa tatu kwenye benchi la kuotesha vimelea, katika hospitali moja hapa Kisumu. Nikapitisha swabu juu ya ngozi, nikaotesha, na siku ya pili nikaona vidoa vidogo kama ncha ya sindano kwenye agari ya damu, ule ute mgumu wa kuoteshea bakteria uliochanganywa na damu. Chini ya hadubini vilikuwa vijiti vyembamba, Gram chanya, yaani vinabaki na rangi ya zambarau vikipakwa rangi za Gram; Gram hasi huwa vyekundu. Nikaandika "vimelea vya kawaida vya ngozi" na sahani ikatupwa. Wiki tatu baadaye mama akarudi, uvimbe umevuka kiungo na kuingia kiganjani.

Jibu lile nililiandika mimi, na halikuwa sahihi. Haya ninayoyaandika sasa ni kwa ajili yako mwenzangu uliye zamu peke yako katika maabara ya Siaya, Busia, Homa Bay au Nakuru, bila mashine ya kukutajia jina la kimelea. Kwa hadubini, agari chache na matone mawili ya kemikali unaweza kufika mbali sana, mradi usiharakishe kutupa.

Anza na fomu ya maombi. Mara nyingi itakuwa imeandikwa "swabu ya kidonda" basi. Usiipokee hivyo. Kama mgonjwa bado yuko dirishani, muulize mwenyewe. Mama yule aliporudi ndipo nilipomuuliza.

"Mama, hiki kidole kilianzaje?"

"Ni mwiba wa ngege, mwanangu. Nilikuwa napara samaki Dunga, ukanidunga. Sikuujali, sisi hudungwa kila siku."

Sentensi hiyo moja ilikuwa na thamani kuliko swabu yangu. Muuza samaki aliyedungwa, kidole cha zambarau, maumivu makali kuliko kidonda kinavyoonekana, usaha hakuna: hapo mtafute Erysipelothrix rhusiopathiae. Kwa hiyo uliza mambo matatu: anafanya kazi gani, amegusana na mnyama au maji gani, na ameugua kwa muda gani. Andika majibu kwa kalamu juu ya fomu, si kichwani, kwa sababu sahani itasomwa na mwenzako wa zamu nyingine.

Pili, sampuli. Huyu wa samaki hujificha ndani ya ngozi, kwa hiyo swabu ya juu hukosa mara nyingi. Mwombe daktari akate kipande kidogo kwenye ukingo wa uvimbe, kwa kina cha ngozi yote. Kiweke kwenye mchuzi wa kuoteshea bakteria wenye glukosi, kioteshe kwa nyuzijoto 35 hadi 37, na kila siku hamisha tone kwenye agari ya damu. Sahani ikae kwenye mtungi wa mshumaa: mshumaa mweupe usio na manukato, pamba yenye unyevu chini, mfuniko umefungwa vizuri. Mshumaa ukizimika wenyewe, hewa ya ndani imepata kaboni dayoksaidi inayotosha. Usisome mara moja tu saa 24 zikitimia ukamaliza. Rudi saa 48, na tena saa 72.

Niseme neno kuhusu agari ya damu, kwa sababu makosa mengi huanzia hapo. Maabara nyingi hutumia damu ya binadamu iliyopitwa na wakati kutoka benki ya damu. Najua kwa nini, ipo na haina gharama. Lakini damu hiyo inaweza kuwa na kingamwili na mabaki ya dawa za aliyeichangia, baadhi ya bakteria hudumaa humo, na kuyeyuka kwa chembe nyekundu hakuonekani vizuri. Damu ya kondoo ndiyo inayofaa. Tafuta mfugaji mmoja karibu nawe na afisa wa mifugo wa kuwasaidia, mpatane siku ya kuchota. Kondoo mmoja aliyetunzwa vizuri huisaidia maabara ndogo muda mrefu, na hachinjwi.

Sasa tuko kwenye sahani, na katalasi, kimeng'enya kinachovunja peroksidi, ndiyo njia panda. Vijiti vya kawaida vya ngozi, tunavyovizoea kama difteroidi, hutoa povu ukiviwekea peroksidi ya hidrojeni. Erysipelothrix hatoi. Tone moja la peroksidi lingeniokoa mwaka ule. Lakini lifanye kwa uangalifu: chukua koloni kwa kijiti cha mbao, si kwa lupu ya nikromu, kwa kuwa waya huo unaweza kutoa povu wenyewe. Tena gusa juu ya koloni tu, usichimbe agari, kwa sababu chembe nyekundu za damu nazo zina katalasi na zitakudanganya. Weka koloni kwenye slaidi kavu, dondosha peroksidi juu yake, tazama kwa sekunde kumi.

Ukikosa povu, choma koloni nyingine kwenye agari ya TSI, yenye sukari tatu na chuma. Weusi ukitokea kando ya mstari wa sindano, huyo bakteria anatengeneza haidrojeni salfaidi, na kijiti Gram chanya kisicho na katalasi kinachofanya hivyo ni yeye. Laktobasili hufanana naye kwenye slaidi na katalasi, lakini hatoi weusi huo. Listeria naye ni kijiti kidogo Gram chanya, ila hutoa povu la katalasi na, akioteshwa kwenye joto la kawaida la chumba, hubingirika ukimtazama kwenye tone la maji. Slaidi yenyewe isikutie wasiwasi. Erysipelothrix hupoteza rangi upesi na anaweza kuonekana mwekundu nusu, zambarau nusu. Rudia kupaka kwa koloni changa, na usizidishe spiriti.

Kisha weka diski ya antibiotiki ya vankomaisini. Koloni zitaota hadi kwenye ukingo wa diski, kwa sababu ana usugu wa asili. Jambo hili si la kitabuni. Daktari anayeambiwa "Gram chanya" anaweza kukimbilia vankomaisini, na mgonjwa aliyepata maambukizi ya vali za moyo kutokana na bakteria huyu atakuwa anapewa dawa isiyomsaidia. Penisilini humwua. Mama wa Dunga aliipata penisilini na kidole kikapona.

Wa pili ninayetaka umjue vizuri ni Brusela, na hapa nabadilisha sauti, kwa kuwa huyu huwaumiza wanamaabara. Ni miongoni mwa bakteria wanaoambukiza wafanyakazi wa maabara mara nyingi zaidi duniani, na njia yake ni hewa. Ukichukua fomu ya mtu wa Njoro, Molo au Pokot Magharibi aliyeugua homa ya kupanda na kushuka kwa wiki kadhaa, jasho la usiku, maumivu ya mgongo na viungo, na akakuambia anakunywa maziwa mabichi au alisaidia ng'ombe aliyetupa mimba na kushika kondo la nyuma kwa mikono mitupu, andika neno BRUSELA kwa herufi kubwa juu ya fomu kabla chupa ya damu haijaingia inkubeta.

Dalili zake maabarani ni hizi. Chupa hutoa ishara ikiwa imechelewa, mara nyingi baada ya siku tatu au zaidi. Kwenye slaidi utaona vumbi: chembechembe ndogo mno, Gram hasi, zilizopauka kama mchanga mwembamba uliomwagwa kwenye kioo. Wengi hudhani ni uchafu wa rangi. Iache rangi nyekundu ya mwisho ikae dakika mbili hadi tatu, utaziona vizuri zaidi. Kwenye agari ya damu na ya chokoleti haonekani siku ya kwanza, au ni kivuli tu; siku ya pili koloni ni ndogo, laini, haziyeyushi damu. Kwenye MacConkey, agari ya kuoteshea Gram hasi kama wale wa tumbo, haoti.

Ukifika hapo, simama. Funika sahani, izungushie utepe, na kila kitakachofuata kifanyike ndani ya kabati la usalama linalochuja hewa, glavu na barakoa ya N95 zikiwa zimevaliwa. Usinuse sahani. Najua tulifundishwa kunusa, na wazee wa benchi wanaitambua Pseudomonasi kwa harufu yake ya matunda, lakini tabia hiyo imewaambukiza wengi na naomba uiache kabisa, kwa sahani zote, kwa sababu huwezi kujua mapema sahani ipi ina nini. Hata katalasi, lile povu, hurusha matone hewani. Ifanye kabatini au usiifanye. Oksidasi chanya (kemikali yake hugeuka zambarau ikigusa koloni), katalasi chanya na yurea inayobadilika rangi haraka zinatosha kukufanya umshuku. Usiendelee kumpitisha kwenye vibanzi vya majaribio ya sukari. Mifumo hiyo imewahi kumwita Moraksela au Okrobaktramu, na watu wakaendelea kumshika juu ya meza wazi.

Mpeleke bakteria huyo Maabara ya Kitaifa ya Afya ya Umma, Nairobi, kupitia afisa wa ufuatiliaji wa magonjwa wa kaunti. Sampuli za kuotesha za Brusela husafirishwa kama UN 2814, namba ya kimataifa ya vimelea hatari kwa binadamu, kwa kifungashio cha tabaka tatu: chupa isiyovuja, chombo cha pili chenye kitambaa cha kufyonza, na sanduku gumu la nje. Usimpe dereva wa matatu mfuko wa nailoni. Kama kuna mtu alifungua sahani nje ya kabati, andika jina lake siku hiyo hiyo na umpeleke kwa daktari. Kinga inayotolewa kwa kawaida ni doksisaiklini pamoja na rifampisini kwa wiki tatu, na damu yake hupimwa kwa miezi sita. Na usikitegemee kile kipimo cha haraka cha kuchanganya tone la damu na antijeni kwenye kigae. Kinatoa majibu chanya mengi yasiyo ya kweli, na nimeona watu wenye malaria wakimezeshwa dawa za brusela kwa wiki sita kwa ajili yake.

Kwa wenzangu wa Nakuru, msisahau kimeta. Mwaka 2015 kiliua nyati zaidi ya mia moja katika Hifadhi ya Ziwa Nakuru, na udongo huwa haukisahau upesi. Kidonda cheusi kisichouma, kilichozungukwa na uvimbe, kwa mtu aliyechuna ng'ombe aliyejifia: vijiti vikubwa Gram chanya vilivyopangana kama mabehewa ya treni si vumbi la madirishani mpaka uthibitishe. Basilasi wengi wa vumbi huyeyusha damu na wanatembea. Wa kimeta hayeyushi na hatembei, na koloni yake ukiivuta kwa lupu husimama wima kama ute wa yai uliopigwa. Mkishamwona hivyo, mambo ni yale yale: kabati, simu, Nairobi.

Vidonda vya maji navyo vinataka oksidasi. Mtu akikatwa na jembe kwenye mashamba ya mpunga ya Ahero, au akiumia wakati mto Nyando umefurika, bakteria Gram hasi atakayeota kwenye MacConkey huitwa upesi jina la vimelea vya tumbo. Pima oksidasi kwanza, tena kwa koloni ya agari ya damu, si ya MacConkey. Ikiwa chanya na damu imeyeyuka vizuri, fikiria Aeromonasi. Na ukikuta koloni za zambarau kama wino uliomwagika, huyo ni Kromobakteriamu. Rangi yake huficha jibu la oksidasi, basi mwoteshe upya bila oksijeni, rangi haitatokea na utasoma vizuri. Usisubiri kumaliza yote hayo ndipo upige simu. Huyu huingia damuni na kuua kwa siku chache, penisilini na sefalosporini kwa kawaida hazimwezi, na daktari anahitaji kujua leo kwamba siprofloksasini ndiyo yenye nafasi nzuri.

Nokadia nitamgusa tu: makohozi ya mtu aliyetibiwa kifua kikuu bila nafuu, nyuzi za Gram chanya zenye matawi na shanga. Rudia Ziehl-Neelsen, ile rangi ya kutafutia kifua kikuu, kwa asidi ya salfuriki ya asilimia 1 badala ya ile kali, na uache sahani wiki mbili au tatu.

Unapoandika jibu, andika ulichokiona kabla ya jina: umbo, katalasi, oksidasi, ameota wapi na hakuota wapi. Kama hujathibitisha, andika "anashukiwa", na utaje aliyepigiwa simu na saa. Kisha mhifadhi bakteria kwenye mchuzi wenye gliserini ya asilimia 20, ndani ya friji ya kugandisha yenye baridi kali kuliko zote ulizo nazo. Brusela na kimeta msiwahifadhi. Hao huenda Nairobi, na mabaki huharibiwa kwenye otoklevu, mtungi wa mvuke wa moto, mbele ya shahidi.

Koloni za mama wa Dunga ninazo hadi leo. Kila mwanafunzi anayekuja kwenye benchi langu nampa sahani ya bakteria huyo wiki ya kwanza, bila jina, pamoja na fomu yenye maneno mawili: "swabu, kidole." Kisha nangoja nione kama ataniuliza mgonjwa anafanya kazi gani.