Maneno ya Chuoni kwa Mwanafunzi Mpya wa Unguja na Pemba

Mwanafunzi anayeripoti chuoni Tunguu, Vuga au Chukwani kwa mara ya kwanza hukutana na maneno mengi yenye sura mbili: moja ya mdomoni, wanayoitumia wanafunzi wenzake, na nyengine ya kwenye karatasi, ambayo ndiyo ofisi huifanyia kazi. Azijue zote mbili, kwa sababu anayejua ya mdomoni peke yake hushindwa kuandika barua ikaeleweka, na anayejua ya karatasi peke yake hupitwa na matangazo ya wenzake.

Anza na maneno ya fedha, kwani tarehe zake hazimsubiri mtu. "Bumu" ni fedha za mkopo za chakula na malazi anazopokea mwanafunzi mwenyewe. Ada ni fungu jengine, na bodi ya mikopo huilipa moja kwa moja chuoni. Ukisikia "Bodi", uliza ni ipi, kwa kuwa ipo Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar na ipo ile ya Tanzania, na kila moja ina fomu zake na taratibu zake za marejesho. "Kontroli namba" ni namba ya malipo. Lipa kwa namba hiyo tu, usimkabidhi mtu fedha taslimu akulipie, na risiti uihifadhi mpaka umalize masomo. Kuripoti nako si kusajiliwa: mtu anaweza kuhudhuria mihadhara wiki kadhaa ilhali jina lake halimo katika daftari la chuo, na akaja kugundua hivyo wakati wa mitihani.

Katika masomo, neno linalowapoteza wengi ni "kozi". Mtaani ukiulizwa unasoma kozi gani, unaulizwa shahada yako. Ofisini shahada ni "programu", na kozi ni somo moja lenye msimbo wake. "Skuli" nayo, katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ni kitengo kikubwa cha taaluma chenye mkuu wake. Chuo hicho kina kampasi kadhaa, zikiwemo Tunguu, Vuga, Beit el Ras na Mbweni, kwa hiyo soma ratiba hadi jina la kampasi kabla ya kupanda daladala. Krediti ni kipimo cha uzito wa kozi: moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza, pamoja na zile unazosoma peke yako, na shahada ya kwanza haipungui krediti 360.

Mitihani ndiyo inayotaka uangalifu mkubwa zaidi. Katika vyuo vingi vya Tanzania, kazi na majaribio ya katikati ya muhula huchukua alama 40 na mtihani wa mwisho, unaoitwa "UE", huchukua 60; asiyejali zile 40 huingia chumba cha mtihani akiwa ameshajifungia mlango nusu. "Sapu" ni mtihani wa marudio kwa aliyefeli, na kwa kawaida alama yake haipandi zaidi ya C hata ukijibu vizuri namna gani. "Mtihani maalumu" ni jambo jengine kabisa: ni haki ya aliyekosa mtihani kwa ugonjwa, msiba au sababu nyengine iliyokubaliwa, na alama zake huhesabiwa kamili kama za mara ya kwanza. Nasisitiza tofauti hii kwa sababu mwanafunzi anayeumwa akanyamaza anaweza kuhesabiwa kuwa amefeli, ilhali barua na cheti cha daktari vilivyofika mapema vingemlinda. "Kukeri" ni kuibeba kozi uliyofeli hadi mwaka unaofuata. "Kudisko" ni kuondoshwa masomoni, na aghalabu humpata aliyeshuka chini ya wastani wa alama (GPA) wa 2.0 katika kipimo cha 5.0. Daraja la kwanza la shahada huanzia wastani wa 4.4. Kama unaona mambo yanakuelemea, "kuahirisha masomo" kunaombwa kwa maandishi. Kutoonekana darasani si kuahirisha.

Malazi hayana maneno mengi. "Dahalia", au hosteli, ni ya chuo na ina mlezi wake. "Geto" ni chumba cha kupanga nje, na humo unahitaji mkataba wa maandishi. "Kubebana" ni kumlaza chumbani mwenzako asiyepangiwa nafasi. Wanaotoka Pemba bila ndugu mjini hulazimika sana kulazwa hivyo, na huruma ya anayewalaza inaeleweka, lakini kanuni za dahalia kwa kawaida haziruhusu jambo hilo, na mwenye chumba anaweza kupoteza nafasi yake pamoja na mgeni. Mtu wa namna hiyo umpeleke kwa mshauri wa wanafunzi au kwa viongozi wa serikali ya wanafunzi, na maombi yake yaandikwe kwa neno la ofisini: "kuomba nafasi ya malazi".