Jinsi ya kuandika na kushuti filamu ya vijana wanaopendana wakati wa vita, hata kama huna bajeti ya mabomu

Mi nimeandika skripti tatu za aina hii, mbili zikashutiwa, na ile ya kwanza ilikuwa takataka tupu acha niseme ukweli. Nilijaza wanajeshi, moshi, milipuko, alafu katikati nikachomeka kijana na binti wanaambiana nakupenda. Watu walipoiangalia hakuna aliyekumbuka moshi wala hiyo nakupenda, walichokumbuka ni sini moja (yani kipande kimoja cha filamu) ya sekunde kama 20 hivi, binti anavua soksi zake mwenyewe, ndio kavu pekee, anampa kijana. Basi. Toka siku hiyo kila nikiandika natafuta soksi zangu ziko wapi.

Hatua ya 1: Andika vita anayoijua mtoto

Kijana wa miaka 15 hana ramani ya vita, anachojua ni kwamba shule imefungwa, baba hajarudi, chumvi imeisha. Kwahiyo wale majenerali wanaoongea mezani futa wote. Kabla hujaandika chochote soma mambo yaliyotokea kweli maana yana vitu huwezi kuvitunga. Mfano Uingereza, kuanzia tarehe 1 Septemba 1939 walihamisha watu kama milioni 1.5 kutoka mijini kwenda vijijini ndani ya siku chache tu, wengi watoto wa shule, kila mmoja na kibandiko cha jina kwenye koti na kinyago cha gesi begani. Sasa we fikiria una miaka 14, unashushwa stesheni, watu usiowajua wanapita wanachagua nani wa kumchukua. Hapo risasi haijalia hata moja na tayari una filamu.

Hatua ya 2: Chagua kitu kimoja adimu

Kimoja tu, sio kumi. Inaweza kuwa maji, betri, viatu, mkate. Mji wa Leningrad kule Urusi ulipozingirwa na Wajerumani, kuanzia tarehe 20 Novemba 1941 kwa wiki kama tano mgao wa mtoto ulikuwa gramu 125 za mkate kwa siku, na mkate wenyewe umechanganywa na vitu ambavyo sio unga. Nenda kapime gramu 125 za mkate uziweke mezani uziangalie, mi nilifanya hivo na nikaandika upya sini nne usiku huohuo. Kijana akikata kipande kile nusu akamsogezea mwenzie bila kusema kitu, huyo ameshasema kila kitu, ukimuongezea maneno umeharibu. Na yule anayepewa asikubali haraka, abishe kwanza, maana anajua thamani yake.

Hatua ya 3: Wabane sehemu moja

Mapenzi ya vitani mara nyingi yanazaliwa kwasababu hakuna pa kwenda. Anne Frank, yule binti wa Kiyahudi aliyeandika shajara akijificha na Wanazi, aliingia mafichoni Amsterdam Julai 1942 akiwa na miaka 13, na kijana mmoja anaitwa Peter alikuja na wazazi wake wiki moja baadae, na mwanzoni Anne hata hakumuona wa maana, alimuona mvivu na anaboa. Ilipita zaidi ya mwaka ndio wakaanza kukaa pamoja kule juu darini kwenye kidirisha. Watu 8 kwenye nyumba moja, mchana kutembea ni kwa kunyata kwasababu chini watu wako kazini. Chukua somo hapo: usiwapendanishe ukurasa wa tano. Waanze kukerana kwanza, agombanie blanketi, amcheke anavyokoroma. Ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja ya filamu, kwahiyo kama yako ni ya dakika 15 busu likija kabla ya ukurasa wa 9 umewahi sana.

Hatua ya 4: Vita iwe masikioni

Hapa ndio pa kuokoa hela. Sauti inasafiri kama mita 340 kwa sekunde, maana yake bomu likipiga kilometa 1 mwanga unaonekana kwanza alafu mlio unakuja baada ya sekunde kama 3. Nyumba ikiwa giza, waangazie nyuso zao kwa taa kupitia dirishani, zima, acha wahesabu kimoyomoyo moja, mbili, tatu, ndio uweke mlio. Mara ya pili wafike mbili tu. Mtazamaji anajua kitu kinakaribia na hujalipua hata kiberiti! Vioo bandika tepu za msalaba, vikombe vitetemeke (mtu anagonga meza kwa chini), vumbi kidogo la unga lidondoke toka juu. Na rekodi ukimya wa kile chumba dakika moja nzima kabla hamjaondoka, utanishukuru wakati wa kuediti.

Hatua ya 5: Usalama, na hapa sitanii

Silaha za kweli hapana, na zile risasi zisizo na kichwa, za baruti tu, pia hapana, zinaua mtu akiwa karibu. Tumia za mbao au plastiki, toa taarifa polisi na kwa majirani kabla ya kushuti. Waigizaji walio chini ya miaka 18 mzazi awepo seti, na sini zao za mapenzi ziishie kwenye mikono na macho. Tena mikono inatosha kabisa.

Hatua ya 6: Mwisho

Kosa la wengi ni kuwakumbatisha vita ikiisha, muziki unapanda, kwisha. Mi kwenye ya pili niliwaweka miezi kadhaa baada ya amani, jikoni, wanacheka, mlango ukapigwa na upepo pwaa! na kabla mlio haujaisha wote wawili wako chini ya meza, binti amemfunika kichwa. Wakakaa pale kidogo. Alafu kijana akaanza kuhesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, na hakuna kilichokuja.