Jinsi ya kupima jasho lako ukikimbia, usiige chupa ya mwenzako

Kwenye jogingi yetu hapa Dar wapo vijana wa gym, akina dada, wazee wa sitini na kitu, hadi watoto wanaokuja na wazazi, na wote wanauliza swali lilelile: ninywe maji kiasi gani? Kila mtu ajipime mwenyewe.

Hatua ya 1. Kojoa, jipime uzito, kimbia saa moja, jipime tena.

Hatua ya 2, mzani. Hapa ndo wengi wanaharibu. Tafuta wa dijitali, ule wa mshale sahau kabisa, gramu mia mbili hauzioni. Uweke kwenye vigae au sakafu ya saruji, juu ya kapeti namba inacheza. Na vua nguo zote, yani zote, maana tisheti iliyolowa imebeba jasho ambalo limeshakutoka lakini mzani unalihesabu kama bado lako, kuna dada alinitumia namba zinaonyesha hajapoteza kitu kumbe kapanda na nguo zimelowa chapachapa. Jifute vizuri, kama umesuka zikamue nywele. Usinywe chochote kabla ya kupima mara ya pili, ya njiani unajumlisha, na ukikojoa katikati unatoa. Mfano umeanza kilo 68.0, umerudi 67.1, njiani umekunywa nusu lita: 0.9 + 0.5 (kilo moja iliyopungua hesabu kama lita moja), jasho ni lita 1.4 kwa saa. Rudia siku ya jua na siku ya mawingu. Saa za mkononi zinazokadiria jasho mimi siziamini.

Hatua ya 3, kuisoma namba. Jasho linapoza likikauka, lita moja ikikauka yote inaondoka na kilokalori kama 580. Likidondoka chini limepotea bure, ndo maana Februari, hewa ikiwa nzito ya unyevu, unatota na bado unaungua.

Wanawake kwa kawaida jasho lao ni dogo kuliko la wanaume, sehemu kubwa ni ukubwa wa mwili tu, msiogope. Hatari ni dada mdogo wa mwili, anayekwenda taratibu, kunywa sawa na jamaa wa kilo 90, sodiamu, yani chumvi ya kwenye damu, inashuka. Pia yai likishatoka joto la mwili linapanda kama nyuzi 0.3 hadi 0.5, wiki hizo punguza spidi.

Wazee jasho linachelewa, damu haikimbilii kwenye ngozi kama zamani, na kiu haiji, kwa hiyo wanywe kidogokidogo bila kuisubiri. Anayetumia dawa za presha za kukojoza amuulize daktari wake kwanza. Watoto jasho lao dogo, hewa ikiwa moto mwili mdogo unalipokea joto haraka, watafutieni kivuli.

Hatua ya 4. Usipoteze zaidi ya asilimia 2 ya uzito. Ukirudi mzito kuliko ulivyoondoka, umezidisha maji.

Na mtu akianza kuyumba na kuongea visivyoeleweka, hata kama jasho bado linamtoka, mmwagieni maji baridi mwili mzima na kumpepea hapohapo huku gari la hospitali linatafutwa.